Bei ya Kasha la MaMchunu

Saa moja kasoro robo asubuhi, baridi ya Julai imeikaba Pietermaritzburg hadi bomba la uani limegoma kutoa maji, na Zibuyile Hadebe amelala chali chini ya kitanda cha watu asiowajua. Anayeingia langoni anaona buti mbili na soksi za kijivu, basi. Sauti inatokea chini ya chaga.

"Mwongo huyu," inasema. "Bwana Govender, andika: mwongo."

Ruben Govender, mwenye duka, mzee wa miaka sitini na minane aliyejifunga skafu mbili, anaandika kwenye daftari lake. Haulizi ni nani aliyedanganya. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiandika anachoambiwa na mwanamke huyu, na anasema hajawahi kujuta.

Mwongo ni kitanda chenyewe. Ni cha mbao za msonobari, paini kama wanavyoiita mafundi, kizito, chenye mikwaruzo na matundu ya wadudu, vile vitanda vya kishamba ambavyo watu wa mjini huviona wakaanza kutoa simu wapige picha. Zibuyile anatoka chini, anajikung'uta vumbi, kisha anachomeka waya mwembamba kwenye tundu moja la mguu wa kitanda. Waya unaingia wote.

"Mdudu hajui rula," anasema. "Anakwenda kushoto, anachoka, anarudi kulia, anazaa huko ndani. Tundu hili limenyooka mpaka mwisho. Mdudu huyu alitumia umeme."

Kimetobolewa kwa mashine, kikapigwa minyororo, kikapakwa chai ya rangi kionekane cha babu. Kwa macho ya Zibuyile kina miaka kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Bei: randi elfu moja na mia nane, na mnunuzi aambiwe ukweli.

Anakwenda kwenye meza ya kioo kabla Govender hajamaliza kuandika. Anavuta droo, anaigeuza kichwa chini, anapapasa pembe, anainusa. Ndiyo, anainusa. Anaiacha, anakimbilia kabati, anarudi tena kwenye droo kana kwamba kuna kitu imemficha.

Ndiyo kazi yake. Nyumba inapohamwa, au mzee anapofariki na watoto wakagawana vilivyomo wakashindwana, fanicha huletwa kwenye duka hili lililo nyuma ya stesheni. Zibuyile, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ndiye anayesema hiki ni cha zamani na hiki ni cha juzi, hii ni paini ya kwetu iliyokua haraka na ile ilikuja kwa meli kutoka nchi za baridi. Yeye ndiye anayetaja bei. Cheti hana. Ana waya, tochi, sindano ya kushonea na kucha ya kidole gumba ambayo hajaikata vizuri tangu mwaka jana.

Mshahara wake ni randi elfu tano na mia sita kwa mwezi. Nauli ya kutoka kwake Mpumuza na kurudi inakula randi thelathini na sita kila siku. Kwa fedha hiyo ana kila sababu ya kufanya kazi polepole, lakini polepole ndicho kitu asichokijua. Chai anakunywa amesimama. Mkate anaula anatembea.

"Ana ugonjwa," Govender anasema bila kushusha sauti. "Likiingia kasha hapa, hata kama mteja yuko mbele yake na pesa mkononi, anamwacha. Anakimbilia kasha. Anafunua kifuniko, anachungulia, anafunga, anarudi uso umeanguka. Miaka mitatu hivyo. Nimemwambia nenda kwa daktari."

"Daktari ana kasha?" Zibuyile anamjibu kutoka nyuma ya kabati.

Govender anacheka. Zibuyile hacheki. Kuna kasha moja tu analolitafuta, na aliyelipoteza ni yeye mwenyewe.

Alianza hapa kama mfagiaji. Duka lilikuwa likipokea mizigo mingi kutoka nyumba za mashamba ya wazungu kule Mooi River na Underberg, na fundi wa zamani wa duka, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na macho mabovu. Alimtuma binti wa ufagio amsomee migongo ya makabati: kuna alama za msumeno? Zimenyooka au zimepinda? Misumari ina vichwa gani? Mwaka wa tatu fundi akawa hasemi neno kabla Zibuyile hajasema lake. Mwaka wa tano ufagio ukapewa mtu mwingine.

Katika kusoma huko alijiwekea kanuni moja, na aliishika kama amri ya Mungu: anza chini. Juu watu hupaka, husugua, hupendezesha. Chini hakuna anayehangaika napo. Geuza kitu, angalia tumbo lake, utajua kilizaliwa lini. Kanuni hiyo haikumwangusha hata siku moja, mpaka alipoitumia mtaani kwake.

Jirani yake Mpumuza ni MaMchunu, ajuza wa miaka sabini na minane, anayeishi na mjukuu wake Sinegugu. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Agosti, upepo ulibeba mabati matatu ya paa lake. MaMchunu akaamua kuuza kasha lake la kijani, lile alilokuja nalo siku ya harusi, ambalo mama yake naye alikuja nalo siku ya harusi yake. Mnunuzi mwenye pikapu alikuwa amepita, amelitazama, ameahidi kurudi. MaMchunu akapiga kelele juu ya ua.

"MaKhoza!" aliita, kwa jina la ukoo wa baba yake Zibuyile, kama wake wa pale wanavyoitana. "Wewe si ndiye unayetazama vitu vya wazungu? Njoo utazame na changu."

Zibuyile alikwenda na unga wa phuthu, ugali wao wa chengachenga, bado uko mikononi. Akaliinamisha kasha, akaangalia tumbo. Plaiwudi ya kiwandani, misumari ya dukani. Juu rangi ya mafuta ya kijani, nene kama maganda. Hakufungua hata kifuniko. Ndani mlikuwa na blanketi, na sufuria yake ilikuwa motoni.

"La miaka ya themanini hilo, Ma," alisema. "Akikupa mia nne, chukua."

Mwenye pikapu alitoa mia nne bila kubishana. Kutobishana kwake kungepaswa kumshtua mtu, lakini nani ashtuke na mabati yapo dukani yanangoja? MaMchunu alinunua mabati mawili.

Wiki saba baadaye, Govender alileta kijitabu cha mnada wa Johannesburg. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na kasha la paini ya zamani, lililovuliwa rangi likabaki na rangi yake ya asali, kazi ya karakana ya misheni, mwanzoni mwa karne iliyopita. Bei ya kuanzia ilikuwa randi elfu kumi na nne. Lilipigwa picha likiwa wazi, na ndani, kwenye kijisanduku cha pembeni cha kuwekea sindano na hirizi, kifuniko kilikuwa kimetengenezwa kwa rula ya shule ya mbao. Nambari saba hadi kumi na mbili zilisomeka.

Zibuyile aliijua rula ile. Marehemu mume wa MaMchunu alikuwa mlinzi wa shule, na pale Mpumuza hakuna mtu asiyejua kwamba alikuwa akitengeneza kila kitu kwa rula zilizovunjika.

"Nilikaa chini sakafuni," Zibuyile anasimulia, huku mkono wake ukiendelea kusugua bawaba ambayo tayari inang'aa. "Nikaelewa pale pale. Nyumba za mashamba zina sakafu za mbao. Kabati linasimama mahali pakavu miaka mia, tumbo lake linabaki lile lile. Sisi kwetu sakafu tulisiriba kwa samadi, mvua inanyesha, mchwa wanapanda. Tumbo la kasha linaoza, mume anabandika ubao mwingine. Kila nyumba kwetu ni hivyo. Nimezaliwa humo, nimelelewa humo, mama yangu mwenyewe kasha lake lilikuwa na tumbo la sanduku la chai! Nikajifunza vitu vya watu wengine mpaka nikasahau kutazama vya kwetu."

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na hapa walisema kweli tupu.

Angeweza kunyamaza. Govender alimshauri anyamaze. Mume wake Bhekokwakhe, dereva wa lori la magogo, alimsihi anyamaze. Jumapili baada ya kanisa alivuka ua, akamkuta MaMchunu anapukuchua mahindi, akamweleza yote.

"Kwa hiyo uliniambia mia nne," MaMchunu alisema.

"Ndiyo, Ma."

"Na sasa unaniambia elfu kumi na nne."

"Ndiyo, Ma."

"Ile ya kwanza nilikuuliza. Hii ya pili nani amekuuliza?"

Akarudi kwenye mahindi yake. Tangu siku hiyo hakumsalimu Zibuyile. Wanapokutana njiani, ajuza hugeuza uso atazame mlima. Akimtaja kwa watu humwita "yule wa makabati". Wanaojua maisha ya Mpumuza wanajua kuwa mtu anaweza kuvumilia njaa, akavumilia na mume mlevi, lakini kunyimwa salamu na jirani wa ua mmoja ni kama kuzikwa ukiwa unaona.

Na mwaka huu mambo yamekaza. Sinegugu anaolewa Septemba. Siku ya umabo, bibi harusi anapowapelekea wakwe zawadi, kasha huwekwa katikati ya uwanja na kufunguliwa mbele ya macho ya watu wote, zikatoka blanketi na mikeka, shangazi wa upande ule wakishangilia na kukagua kwa pamoja. Sinegugu alikusudiwa kasha lile la kijani tangu hajaota meno. Sasa MaMchunu anazungumzia kununua sanduku la bati, na kila akilitaja, ua mzima husikia.

Ndiyo maana Zibuyile hatulii.

Mzigo wa leo umetoka kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa huko Mooi River. Wenyewe ni mume na mke wazee wanaohamia kwa binti yao. Wameacha fanicha za vyumba sita mikononi mwa duka, nao watalipwa kwa bei atakazotaja Zibuyile, duka likikata fungu lake. Kitanda mwongo kimeshaandikwa. Meza ya kioo imeonekana ya kweli, ila kioo ni cha juzi. Kabati lina milango ya nyumba mbili tofauti.

"Huyu kavaa suruali ya kaka yake," Zibuyile anasema juu ya kabati, na Govender anaandika kitu cha heshima zaidi.

Kimebaki kitu kimoja pembeni, kimefunikwa blanketi la lori. Zibuyile anavuta blanketi.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, mikono yake imetulia.

Ni kasha. Rangi ya asali, refu la kumtosha mtoto kulala, pembe zake meno ya mbao yaliyoumana bila msumari hata mmoja. Zibuyile anafunua kifuniko. Anainama, kichwa chote kinaingia ndani.

"Saba, nane, tisa," anasikika akihesabu. "Kumi. Kumi na moja. Mama yangu. Kumi na mbili."

Anafunga. Anafungua tena. Anafunga.

"Zibu?" Govender ameinua kalamu. "Vipi hilo?"

Anaondoka, anazunguka ua wa duka mara mbili, anafika kwenye bomba la maji, analifungua, maji hayatoki, analifunga. Pumzi yake inatoka mvuke. Mfanyakazi wa duka hili ana ruhusa ya kununua chochote kwa bei iliyoandikwa daftarini. Na bei ya daftarini anaitaja yeye.

"Ningesema mia nane," atakiri baadaye, machozi yakimlenga. "Ningesema tumbo limebadilishwa, jambo ambalo ni kweli. Ningesema limevuliwa rangi kwa dawa kali likakauka, na hilo pia ni kweli. Bwana Govender angeandika, hata asingeinua macho. Mtu akikuamini hivyo ni taabu, nakwambia. Nilikuwa nayo mfukoni mia nane, ya umeme na ya kanisa. Kasha lingekuwa langu saa mbili asubuhi."

Anarudi mbele ya kasha.

"Elfu kumi na sita," anasema. "Andika upesi kabla sijabadili mawazo."

Govender haandiki. Anamtazama, anatazama kasha, anavua miwani.

"Zibu, si ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Miaka mitatu unanivurugia duka kwa ajili ya kitu hiki, kimekuja chenyewe mpaka miguuni pako, na unakitajia bei usiyoweza kulipa? Una wazimu, mwanamke?"

"Mara ya kwanza nilidanganya juu yake bila kujua," Zibuyile anasema. "Leo ninajua. Wale wazee wa Mooi River walilinunua mnadani kwa pesa zao, nao ni MaMchunu wa mtu."

Kisha analia, wima, mkono ukiwa juu ya kifuniko. Govender anafungua skafu moja na kumpa, akisema maneno ambayo hayakumkusudia mtu yeyote kuhusu vumbi la duka hili.

Anacho kitu kimoja cha thamani Zibuyile, na kipo chumbani kwake. Ni kabati la nguo la milango miwili, paini ya nchi za baridi, mistari yake ya umri imebanana kama kurasa za Biblia. Alilinunua miaka kumi na mmoja iliyopita likiwa limevunjika vipande, akalikatia mshahara miezi kumi na minne, akalifufua kwa mikono yake. Majirani huja kulitazama. Yeye mwenyewe akikosa usingizi hulifungua na kulifunga asikie mlango unavyokaa mahali pake.

Mchana wa siku hiyo anataka kubadilishana. Hapo panatokea mabishano ambayo duka hili halijawahi kuyaona, mnunuzi akipandisha na muuzaji akishusha.

"Lile kabati ni elfu kumi na saba," Govender anasema. "Tumemaliza. Chukua kasha, na mimi nitakuwa nadaiwa nawe."

"Kumi na tano. Bawaba za kushoto si zake."

"Kumi na sita, basi. Sawa kwa sawa."

"Bwana Govender, bawaba si zake, na droo ya chini nimeigusa randa mwenyewe. Ungemlipa mtu mwingine kumi na sita?"

"Mtu mwingine asingeniudhi hivi!"

Wanakubaliana kumi na tano. Elfu moja iliyobaki Zibuyile atailipa kwa Jumapili nne za kusugua na kung'arisha. Wazee wa Mooi River wanapata haki yao yote.

Jumamosi, Bhekokwakhe anakuja na vijana wa lori kulibeba kabati. Nguo zake na za mkewe sasa ziko kwenye mifuko ya plastiki kando ya ukuta. Anatafuta soksi ya pili kwa dakika tano.

"Nilioa mke au nilioa mnada?" anauliza.

"Uliza bei, utajua," Zibuyile anamjibu. Mahali lilipokuwa kabati, ukuta una alama ya mstatili safi, na yeye amekwisha kupita pale mara sita bila sababu.

Kasha linavuka ua saa nne. MaMchunu amekaa kwenye mkeka upande wa ukuta unaopata jua, blanketi mabegani. Sinegugu, mwanafunzi wa uuguzi mwenye miaka ishirini na minne, anatoka jikoni na mikono ya sabuni, anaona, anaziba mdomo. Vijana wanaliweka kasha chini. Zibuyile anapiga magoti, kama inavyompasa mbele ya mkubwa.

MaMchunu anatazama muda mrefu. Kuku wanapita.

"Hilo si langu," anasema mwishoni.

"Bibi!" Sinegugu anafunua kifuniko. "Ona rula ya babu!"

Ajuza anajivuta karibu. Anaingiza mkono, anapapasa, vidole vinapita juu ya nambari. Anavishikilia pale. Midomo yake inacheza, na Sinegugu anasema baadaye kwamba bibi yake alikuwa akilitaja jina la mumewe.

"Rula ni yangu," MaMchunu anasema. "Kasha limevuliwa nguo. Langu ni la kijani. Nililipaka mimi, mwaka ule mlango wa kanisa ulipopakwa, nikaomba rangi iliyobaki kwenye kopo. Mama yangu alinisifu siku ile, na mama yangu alikuwa hasifu mtu. Mnataka nimpeleke mtoto kwa watu na kasha liko uchi? Waseme nini wale?"

Ameliuza kabati lake, ana deni la Jumapili nne, na ufundi wa miaka kumi na tisa unampanda kooni wenyewe.

"Ma, nisamehe, nikwambie tu. Mti huu kuonekana hivi ndiyo thamani yake. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, thamani..."

"Thamani ya nani?"

Zibuyile anafuta kwa kiganja vumbi lililo kwenye ukingo wa kasha.

"MaKhoza," ajuza anasema.

Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu kutamka jina hilo. Zibuyile, ambaye bado yuko magotini, anainamisha kichwa, na mabega yake yanaanza kutikisika.

"MaKhoza, umenitajia bei mara mbili, na mara zote mbili nimelia. Ya tatu usinitajie. Lete rangi."

Tatizo likawa ni kijani kipi. Mlango wa kanisa ulishapakwa kahawia zamani. Mzee wa kanisa alikumbuka kijani cha majani, MaMchunu alisema cha chupa. Duka la rangi lina aina kumi na tisa za kijani, zimepangwa kwenye kadi, kila moja na jina la kuchekesha. Hapo ufundi ukarudi kazini. Zibuyile aliwasha tochi, akachukua ile sindano yake, akachokoa ndani ya tundu la ufunguo ambako dawa ya kubandua haikufika. Akatoa punje moja ya kijani, ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Aliibeba hadi mjini ndani ya karatasi ya sindano. Kopo lilimgharimu randi mia moja na themanini na tisa, naye alisimama kaunta akimrudisha muuzaji mara tatu mpaka rangi ikafanana.

Sasa ni Jumatano alasiri, na Govender amemruhusu kutoka mapema, akidai kwamba dukani anamsumbua tu. Kasha limewekwa juu ya matofali manne uani kwa MaMchunu. Atalipaka rangi mara mbili, wiki hii na wiki ijayo. Septemba atatembea nyuma yake pamoja na wanawake wa ukoo, kwa kuwa MaMchunu amesema atembee, na Sinegugu amekwisha kumpimia kitambaa cha kichwa.

Ana mpango mwingine pia, anaoueleza huku anasugua kwa msasa mahali pasipohitaji msasa. Jumapili zake nne zikiisha, anataka kuzunguka nyumba za Mpumuza, bila malipo, afunue makasha ya watu na kuwaambia walicho nacho kabla watu wa pikapu hawajafika. Ameshaandika majina ya nyumba kumi na moja.

"Safari hii nitaanzia ndani," anasema. "Mlango kwa mlango. Nitangoja blanketi zitolewe, hata sufuria ikiungua."

Anafungua kopo. Anakoroga kwa kijiti, anasimama, anakoroga tena. Jua la alasiri limepiga mbao, na ile rangi ya asali inawaka kila mstari, kila jicho la mti. Brashi ipo mkononi mwake. Haishuki.

Anaulizwa na anayeandika haya: likishapakwa, litakuwa la bei gani?

Anageuka kwanza atazame kama MaMchunu anasikia. Kisha anainama, kwa mazoea, anaangalia tumbo la kasha, plaiwudi ile ile ya kiwandani, misumari ile ile ya dukani.

"Mia nne," anasema kwa sauti ya chini. "Na safari hii ndiyo bei yake kweli."

"MaKhoza!" ajuza anaita kutoka kwenye mkeka wake. "Chovya, mwanangu. Jua linaondoka."

Zibuyile anachovya brashi.